De sang-froid: filme ya 1967, wafu wanne, na swali la nani anatoa ushuhuda



Kuna filme watu wanaangalia, wanatoka, kesho yake wamesahau. Kuna zingine watu wanaendelea kubishana juu yake kisha miaka makumi. In Cold Blood, ile sisi wenye kusoma Kifaransa tunaijua kwa jina De sang-froid, iko mu kundi la pili. Ilitoka Marekani mwezi wa Desemba 1967, picha nyeusi na nyeupe, dakika 134. Richard Brooks njo aliiandika na kuiongoza, akifuata kitabu cha Truman Capote kilichotoka Januari 1966. Na kitabu chenyewe kilifuata mauaji ya kweli.

Tangu wakati ule watazamaji wamegawanyika. Wamoja wanasema hii filme inaonesha mauaji yanatokaka wapi, na kwamba kunyonga muuaji hakutengenezi kitu. Wengine wanasema inatufanya tuwalilie wauaji na kuwasahau waliouawa. Kila mara filme ikioneshwa upya, mabishano yanaanza tena, karibu kwa maneno yale yale.

Leo napenda tuingie mu haya mabishano kwa mlango wa historia. Kila mtu aliyekaa mu somo la historia, hata mwaka mmoja tu, alifundishwa maswali ya kwanza mbele ya andiko lolote: nani anasema? Alijua namna gani? Na nani hakupata nafasi ya kusema? Tukiuliza filme hii maswali hayo, tutaona juu ya nini kila upande iko na sehemu ya haki.

1. Kitu gani kilitokea

Usiku wa kuamkia tarehe 15 Novemba 1959, watu wawili waliingia mu nyumba ya mkulima mmoja karibu na Holcomb, kijiji kidogo cha magharibi ya jimbo la Kansas, kati ya mashamba ya ngano. Wakaaji wa Holcomb hawakufika 300. Mkulima aliitwa Herbert Clutter, mtu mwenye kuheshimiwa sana pale. Ndani mulikuwa pia mke wake Bonnie, binti yao Nancy wa miaka 16, na kijana wao Kenyon wa miaka 15. Wote wanne walifungwa kamba, wakapigwa risasi. Baba alikatwa koo pia. Mabinti wawili wakubwa hawakuwa wanaishi tena nyumbani, njo maana walipona.

Wauaji walikuwa Richard Hickock na Perry Smith, wafungwa walioachiliwa mbele ya muda wao kuisha. Gerezani, mfungwa mmoja aliyekuwa zamani amefanya kazi kwa shamba la Clutter alimwambia Hickock kwamba kule kuna sanduku la chuma lenye dola 10,000. Sanduku halikukuwa. Watu wa Holcomb walijua Clutter analipaka kwa sheki, haweki pesa nyumbani. Wale wawili walitoka na dola kama 40, redio ndogo na darubini. Watu wanne walikufa juu ya pesa ambayo haikukuwa.

Walikimbilia Mexico, wakarudi Marekani, wakakamatwa Las Vegas tarehe 30 Desemba 1959. Polisi walikuwa na picha za alama za viatu zilizobaki mu nyumba. Viatu vyenyewe vilipatikana ndani ya kolisi ambayo wao wawili walikuwa wametoka kuichukua kwa posta, muda mfupi mbele ya kukamatwa. Kesi ilisikilizwa Garden City, mwezi wa Machi 1960. Wale raia 12 wa juri walikaa kama dakika 40 tu, wakarudi na jibu: wana kosa, na malipo ni kifo. Kisha rufaa zikaenda miaka mitano, mpaka kwa Mahakama Kuu ya Marekani. Tarehe 14 Aprili 1965, Hickock na Smith walinyongwa.

2. Namna habari ilikuwa kitabu, na kitabu kikakuwa filme

Capote alikuwa tayari mwandishi mwenye jina. Aliona habari fupi mu gazeti la New York Times, akaenda Kansas pamoja na rafiki yake wa utoto, Harper Lee, huyo huyo ambaye kitabu chake To Kill a Mockingbird kilitoka 1960. Walizungumza na majirani, na polisi, na baadaye na wauaji wenyewe. Capote hakutumia mashine ya kurekodi. Alikuwa anajisifu kwamba kumbukumbu yake inatosha. Lakini kitabu hakikuweza kuisha mbele ya hukumu kutimizwa, juu hadithi haikukuwa na mwisho. Habari ilitoka kwanza kwa vipande vinne mu gazeti la The New Yorker, mwaka 1965, miezi michache tu kisha kunyongwa. Capote alisema ameandika riwaya isiyo na kitu cha kubuni. Tulishike lile neno, tutalirudilia.

Brooks alipochukua kitabu, kampuni ya Columbia ilitaka wacheza filme wakubwa, Paul Newman na Steve McQueen, na ilitaka rangi. Brooks alikataa. Alichagua watu ambao watazamaji hawakuwazoea: Robert Blake akicheza Perry Smith, Scott Wilson akicheza Hickock. (Wale mnaofuata The Walking Dead, huyu Wilson mnamjua: njo mzee Hershel.) Alitaka mtazamaji asione mchezaji, aone mtu.

Akaenda mbali zaidi. Alipiga picha za filme ndani ya nyumba ile ile ya familia Clutter. Baadhi ya raia waliokuwa mu juri ya kweli walikaa tena kwa viti vyao mbele ya kamera. Hata farasi wa Nancy alionekana mu filme. Conrad Hall alishika kamera, Quincy Jones alitunga muziki. Filme ilitajwa kwa tuzo nne za Oscar: uongozaji, maandishi, picha, na muziki. Haikupata hata moja. Lakini 2008 Maktaba ya Bunge la Marekani iliiweka mu orodha ya filme za kutunzwa kwa ajili ya taifa.

3. Watazamaji wa kwanza walisema nini

Ili tuelewe, tukumbuke ule mwaka. Agosti 1967 ilikuwa imetoka Bonnie and Clyde, filme ingine juu ya wahalifu wa kweli. Ile ilikuwa na rangi, vijana wazuri, nguo nzuri, kicheko na damu. Bosley Crowther, mchambuzi mkubwa wa New York Times, aliipiga vita vikali. Lakini miezi minne baadaye huyo huyo alisifu In Cold Blood. Hakukataa mauaji kuoneshwa. Alikataa mauaji yafanywe tamu. Roger Ebert, aliyekuwa bado kijana Chicago, alipenda zote mbili, na In Cold Blood aliipa nyota nne, alama yake ya juu.

Kitu kimoja kinawashangaza watazamaji wa leo: filme haioneshi mauaji mahali unayangojea. Tunaona gari linakaribia nyumba usiku. Kisha, ghafla, ni asubuhi, na watu wanagundua maiti. Tunakaa zaidi ya saa moja na wauaji barabarani, tunawasikia wakicheka, wakigombana, wakiota utajiri wa Mexico. Ni baada ya kukamatwa na kukiri, filme inaturudisha ndani ya nyumba, na tunaona. Wakati ule tumekwisha kuwazoea wale wawili. Tunajua maumivu ya miguu ya Perry kisha ajali ya moto, tunajua utoto wake mbaya. Kwa watazamaji wengi hiyo njo nguvu ya filme: unaumia juu umejua anayefanya ni mtu, haiko shetani.

Na kuna ile picha ya mvua. Usiku wa kunyongwa, Perry anasimama karibu na dirisha, anazungumza juu ya baba yake. Maji ya mvua yanateremka kwa kioo, na kivuli chake kinapita juu ya uso wake, kama vile uso unalia, wakati macho ni makavu. Hall alieleza baadaye kwamba haikupangwa. Waliiona wakitayarisha mwanga. Karibu kila anayeongea juu ya filme hii anaitaja.

4. Upande wa huruma

Wanaoipenda filme wanasema inauliza maswali ya sheria ambayo tribunali haikuuliza. Kansas ilikuwa inafuata kanuni ya zamani, iliyotoka Uingereza 1843: je, mtuhumiwa alijua alichofanya, na alijua ni kibaya? Basi. Munganga wa magonjwa ya akili aliitwa na upande wa utetezi, lakini mbele ya jije hakupewa nafasi ya kueleza zaidi ya lile swali. Maisha ya Perry, utoto wake, hasira zake, hayo yote hayakusikilizwa. Kitabu na filme vilifungua ule mlango.

Wakati pia ulisaidia. Mwezi wa Juni 1967, miezi sita mbele ya filme kutoka, Marekani ilitimiza hukumu ya kifo ambayo ilikuwa ya mwisho kwa karibu miaka kumi. Kunyonga na kuua kwa sheria kulisimama mpaka Januari 1977. Filme iliingia mu mabishano yale ikiwa ya moto. Brooks hakuficha upande wake. Aliunda mtu ambaye hayuko mu kitabu, mwandishi wa habari anayeitwa Jensen, anayesema mambo ambayo muongozaji anafikiri juu ya kunyonga. Hata watazamaji wanaokubaliana naye wanasemaka kipande kile kinafanana na mahubiri. Picha ya mvua inawagusa zaidi kuliko hotuba zote za Jensen.

5. Upande wa wafu

Sasa tusikilize upande wa pili, na tuusikilize vizuri, juu mara nyingi unaitwa upande wa watu wasioelewa sanaa.

Hesabu dakika. Herbert, Bonnie, Nancy na Kenyon wanaonekana mwanzoni, wakiishi siku yao ya mwisho, kisha usiku wa mauaji. Wakati mwingine wote ni wa Perry na Hickock. Perry tunajua ndoto zake, wimbo anaopenda, aspirini anazotafuna. Nancy tunajua alikuwa binti mzuri. Watu wa familia waliobaki wamelalamika kwa miaka mingi kwamba kitabu kilimpa umaarufu muuaji, na ndugu zao wakabaki kama sehemu ya mapambo, na kwamba hata vile walielezwa havifanani na watu waliowajua. Mama hasa: mu kitabu yuko kama mgonjwa wa kitandani tu.

Mtu anayesema maneno haya hajakosa akili ya sanaa. Ametaja kitu cha kweli: huruma ni kama taa. Ukiielekeza huku, kule kunabaki giza.

6. Ushuhuda wa nani?

Sasa turudi kwa swali letu. Ule usiku, ndani ya nyumba, walikuwa watu sita. Wanne hawakuona asubuhi. Kwa hiyo kila kitu tunachojua juu ya maneno yaliyosemwa mule, nani alilia, nani aliomba, nani alipiga risasi, kilitoka kwa vinywa viwili, na vyote viwili ni vya wauaji.

Na vile vinywa viwili havikukubaliana. Hickock alisema Perry aliua wote wanne. Perry, alipokiri, alisema yeye aliua wanaume wawili na Hickock aliua wanawake wawili. Baadaye Perry alitaka kubadilisha, achukue mauaji yote juu yake. Alieleza anamuonea huruma mama ya Hickock. Neno gani ni la kweli? Lile la kwanza, wakati alikuwa na hasira na mwenzake? Ama lile la pili, wakati alikuwa na sababu ya kumlinda? Mpaka leo hakuna anayeweza kuapa.

Capote alisikiliza hasa Perry. Walizungumza sana, waliandikiana barua nyingi. Brooks akafuata Capote. Sasa fuata mstari: Perry anasema, Capote anakumbuka bila mashine, Brooks anapiga picha. Halafu sisi tunaketi, tunaona nyumba ya kweli, ngazi za kweli, vyumba vya kweli, na tunasema: njo vile ilikuwa. Hapo hatari iko. Nyumba ni ya kweli, lakini nyumba haisemi. Kuta zilikuwa pale, ndiyo, lakini maneno tunayosikia kati ya kuta yametoka kwa mtu mmoja ambaye alikuwa na faida mu namna ya kuyasema.

Na lile neno la Capote, kwamba hakuna cha kubuni? Halikusimama. Kitabu kinaisha kwa makaburi, Alvin Dewey, mkubwa wa uchunguzi, akikutana na rafiki wa Nancy kati ya makaburi. Mkutano ule haukutokea. Na 2013 gazeti la Wall Street Journal lilionesha maandishi ya zamani ya polisi ya upelelezi ya Kansas. Kitabu kinasema yule mfungwa alipotaja majina ya Hickock na Smith, mtu wa polisi alienda palepale, jioni ile ile, kwa shamba la wazazi wa Hickock. Maandishi yalionesha walikawia siku tano. Gazeti lile lilionesha pia kwamba Capote alisaidia mke wa Dewey kupewa na Columbia kazi ya mshauri wa filme, kwa malipo makubwa kuliko mapato ya kawaida ya familia ya Marekani ya wakati ule. Dewey njo shujaa wa kitabu, na njo shujaa wa filme. Kila mwanafunzi wa historia ajiulize mwenyewe.

Sisemi filme ni ya uongo, na sisemi ni mbaya. Nasema watazamaji wamebishana karibu miaka 60 juu ya swali la pili, tumuonee Perry huruma ama hapana, wakati swali la kwanza lilikuwa bado: tunaangalia usiku ule kwa macho ya nani? Anayelia juu ya Perry analia juu ameonwa ndani ya moyo wa Perry. Anayekasirika anakasirika juu hakuna aliyeweza kutuingiza ndani ya moyo wa Nancy. Wote wawili wanaeleza shimo moja, kila mmoja amesimama ng'ambo yake.

7. Na sisi?

Mutu anaweza kuuliza: Kansas ya 1959 inatuhusu nini? Inatuhusu. Nchi yetu ilikaa tangu 2003 bila kutimiza hukumu za kifo, hata kama jije walikuwa wanaendelea kuzitoa. Machi 2024 wizara ya haki iliondoa ile zuio, kwa makosa ya uhaini na ya ujambazi wa mijini unaoleta kifo. Tangu pale, mazungumzo yale yale ya watazamaji wa De sang-froid yako kwetu, kwa ma-auditwari na kwa meza za chakula. Wamoja wanasema wale waliouawa wanadai haki. Wengine wanasema kuua hakurudishi mtu, na tribunali zinaweza kukosea.

Ninyi wa Sheria mtakuwa ma-avoka na ma-jije. Ninyi wa Mawasiliano mtaandika habari, wengine mtafanya filme juu ya maumivu ya hapa kwetu, na maumivu hayakosi. Filme ya Brooks inaweza kuwa somo kwenu kwa mambo mawili. La kwanza: alikuwa na ujasiri wa kumuonesha muuaji kama mtu, bila kumfanya mzuri na bila kuficha alichofanya. Hiyo ni kazi ngumu, na wengi wanaogopa kuifanya. La pili: alipokuwa na kinywa kimoja tu cha kusikiliza, hakutuambia kwamba ni kimoja. Alitupa nyumba ya kweli, tukafikiri tumepewa yote.

Ukienda siku moja kuandika juu ya mauaji, mu Ituri, mu Kivu, ama mu mtaa wako, utakuta kwamba anayeishi njo anaongea, na anayeongea vizuri njo anasikilizwa. Andika anachosema. Lakini mwambie msomaji ni nani anasema, na acha nafasi inayoonekana ya wale ambao hawakuweza kusema. Taja majina yao ikiwa familia zinakubali, taja kazi zao, taja siku yao ilikuwa namna gani mbele ya usiku kufika.

Mwenye nafasi aitafute filme hii, aiangalie polepole. Kipande cha mwisho, wakati wa kunyongwa, ni cha kusikia kuliko cha kuona: moyo unapiga, unapunguza, unasimama. Ni moyo wa Perry. Ukifika pale, jiulize mioyo mingine minne ya ule usiku wa Novemba, nani aliirekodi.